Wanaohusika Watoke Nje

"Halmashauri ya Kijiji cha Valdrun inawatangazia wakazi wote, pamoja na wageni waliolipia malazi, kwamba mfuniko wa pipa la taka lililoko kando ya gati dogo, ambao hadi sasa umekuwa wa kijani, utabadilishwa na kuwa wa kijivu. Mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi katika muda uliowekwa kisheria."

Hakuna aliyepinga. Tangazo lilibandikwa kwenye kioo cha ofisi ya kijiji Jumamosi ya mwisho ya Juni, na wajumbe wa Kamati ya Matembezi walilisoma mmoja baada ya mwingine walipokuwa wakiingia kikaoni, kwa uangalifu unaostahili hati ya serikali. Lilikuwa jambo la mwisho ambalo Valdrun ililikubali kwa kauli moja kiangazi kile.

Kamati hiyo ilikuwa na watu watano, na kazi yake ilikuwa kuchagua matembezi ya siku moja yenye mandhari ya kupendeza kuzunguka ziwa, ili yawekewe vibao vya njano na kuingizwa katika kijitabu kipya cha wageni. Mwenyekiti alikuwa Gudench Janett, wakili mstaafu, ambaye hakuwahi kuamini jambo lolote lisilosomwa mara mbili kwa sauti. Karibu naye alikaa Aita Luzi, mwoka mikate, aliyeamini kila jambo hata kabla halijasemwa. Wa tatu alikuwa Tumasch Bivetti, mgane, dereva mstaafu wa basi la posta. Na wa nne binti yake Madlaina, mfanyakazi wa ofisi ya wageni, ambaye ndiye aliyekuwa katibu. Baba na binti waliruhusiwa kukaa katika kamati moja kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyetaka. Wa tano alikuwa Riet Spinatsch, mfugaji na mtengeneza jibini, aliyewakilisha wenye malisho.

Madlaina na Riet walikuwa wachumba, na hakuna aliyejua isipokuwa wao wenyewe.

Uchumba huo ulifungwa mwezi wa Aprili, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, huko juu Plaun Sulegl, kwenye uwanda mdogo wenye chemchemi unaotazama ziwa lote. Walikuwa wamekwenda kukagua njia kwa niaba ya kamati. Riet, ambaye mikono yake hunuka maziwa hata siku ya Jumapili, aliteka maji kwa kiganja akampa anywe, Madlaina akanywa, na Riet akasema, bila utangulizi wowote, kama mtu anayetaja bei ya ndama, "Ningependa kukuoa, ukikubali." Madlaina alikubali kabla hajameza. Baadaye, alipokumbuka jinsi jicho la Riet lilivyojaa maji na jinsi alivyojifanya ni upepo, alikuwa akilazimika kuacha kazi na kusimama dirishani kwa muda, hata wageni waliokuja kuuliza ratiba ya meli wakadhani anaumwa.

Aliporudi kijijini, Madlaina aliandika katika taarifa yake kwamba Plaun Sulegl haifai kwa wageni kwa sababu ya kinamasi. Hapakuwa na kinamasi. Alichotaka ni kwamba pale mahali pasije pakajaa watu wenye fimbo za kutembelea wakila mayai ya kuchemsha.

Pingamizi juu ya ndoa yao lilitoka upande mmoja tu, nalo lilikuwa zito. Mama yake Riet, Barbla Spinatsch, mjane mwenye malisho makubwa kuliko yote upande wa kusini wa ziwa, alimwambia mwanawe tangu majira ya baridi, "Oa umtakaye. Oa mwalimu, oa mgeni, oa yule wa duka la dawa anayecheka ovyo. Ila binti wa Tumasch, hapana." Hakutoa sababu, na Riet hakuthubutu kuidai. Alimwomba Madlaina wafiche jambo lao mpaka vuli, ng'ombe watakaposhushwa kutoka mlimani wakiwa na maua vichwani, kwani siku hiyo mama yake huwa na moyo mwepesi. Madlaina alingoja. Alikuwa ameanza kuona kwamba penzi linalotegemea mwendo wa ng'ombe ni penzi linalokwenda polepole.

Wahenga walinena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wahenga hao hawakuwahi kuishi Valdrun, ambako kikohozi hufichwa vizuri sana, mradi hakuna mtu atakayeuliza kwa utaratibu unaotakiwa.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mtu aliyeuliza.

Matembezi sita yalikwisha kupitishwa, na keki ya njugu aliyoileta Aita ilikwisha kukatwa, Mwenyekiti Gudench alipovua miwani yake, akaifuta, na kuivaa tena.

"Kuna moja limebaki," alisema. "Plaun Sulegl. Katibu, hebu tukumbushe ni kwa nini tuliliacha."

Kalamu ya Madlaina ilisimama. "Taarifa zilisema halifai, Bwana Mwenyekiti."

"Taarifa za nani?"

"Yangu. Nilitaja kinamasi."

"Na nyingine?"

"Yangu," alisema Tumasch, akiitazama keki. "Mawe. Yanaporomoka."

Madlaina aligeuka akamtazama baba yake. Hakuwa amezisoma taarifa za wengine. Alizifunga tu pamoja na kuzikabidhi. Mawe? Plaun Sulegl hapakuwa na jiwe lililokuwa na nia ya kwenda popote.

"Vizuri," alisema Gudench. "Mimi nilikwenda huko Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nikiwa na viatu vya kanisani. Niliporudi vilikuwa vikavu. Halafu nilikaa chini ya mwamba ulio pale juu, nikala mkate na nyama kavu, nikasubiri jiwe. Halikuja."

"Labda na mawe nayo hupumzika Jumapili," alisema Aita.

"Niliona ziwa lote," aliendelea Gudench, na sauti yake ikapata kikwazo kidogo ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. "Nilikaa kuliko nilivyokusudia. Kwa hiyo nauliza, kwa heshima, inakuwaje watu wawili wa nyumba moja, wanaokunywa kahawa meza moja, waseme uongo mbalimbali juu ya njia moja?"

Tumasch Bivetti alikuwa mtu ambaye, akichelewa kidogo tu na basi lake, aliwaomba radhi abiria wote kupitia kipaza sauti. Kumsikia akiitwa mwongo kulikuwa sawa na kusikia kwamba kanisa limehama. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Madlaina alijua kwamba yake pia ni nyekundu, na kwamba Riet, aliyeketi mkabala naye, anaichungulia meza kana kwamba kuna samaki ndani yake.

"Basi tutalipigia kura upya," alisema Mwenyekiti. "Njia inapita katikati ya malisho ya Bibi Barbla Spinatsch, ambaye tulimwalika aje kutoa maoni yake, naye amekuja."

Barbla alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, kofia kichwani, mikono imefungwa kifuani. "Maoni yangu ni kwamba nina ng'ombe wenye ndama," alisema. "Mgeni akimpapasa ndama ili apige picha, asije akanililia."

"Imeandikwa. Sasa, kwa mujibu wa kanuni, kabla ya mjadala, mmiliki mwenyewe, na kila mjumbe aliye jamaa yake kwa damu, kwa ndoa, kwa uchumba, au kwa kula naye chungu kimoja, asimame na atoke nje."

Ni kanuni ya kawaida, na husomwa katika kila kikao, hata kinapojadiliwa choo cha umma. Barbla alisimama. Riet alisimama, kama kila mtu alivyotarajia, na akaelekea mlangoni nyuma ya mama yake. Alipopita karibu na kiti cha Madlaina alishusha sauti mpaka ikawa pumzi.

"Usisimame. Nakuomba."

Madlaina alibaki ameketi, karatasi ya muhtasari mbele yake. Palikuwa na mstari mtupu uliokuwa ukingoja majina ya waliotoka. Aliandika: Barbla Spinatsch, mmiliki. Akaandika: Riet Spinatsch, mwana. Kalamu ilifika mwisho wa jina la Riet ikakataa kunyanyuka.

"Wengine?" aliuliza Gudench, kama anavyouliza siku zote, bila kungoja jibu.

Kwingineko, pengine, mtu angekaa kimya, angenyoosha mkono, na angelala usingizi mzuri. Katika Valdrun mume anaweza kumdanganya mkewe kwa miaka mingi na akazikwa kwa heshima. Muhtasari wa kikao haudanganywi. Madlaina alisimama.

Kisu cha keki kilianguka kutoka mkononi mwa Aita. "Wewe, binti," alisema, "unakwenda wapi?"

"Nje," alisema Madlaina. Sauti yake ilimshangaza. Ilikuwa ya mtu mwenye afya. "Kwa uchumba."

Mlangoni, Riet aliganda, mkono kwenye kitasa. Barbla aligeuka polepole, kofia na vyote, na uso wake haukuwa na hasira ambayo Madlaina alikuwa ameikariri na kuiogopa tangu Aprili. Ulikuwa na fadhaa. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa.

Kisha kiti kingine kilikwaruza sakafu. Tumasch naye alikuwa amesimama.

"Tumasch, kaa," alisema Gudench kwa upole. "Naelewa uchungu wa mzazi. Lakini baba wa mchumba hahusiki. Kanuni haifiki mbali hivyo."

"Sitoki kwa ajili yake," alisema Tumasch.

"Unatoka kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu." Mzee alivuta fulana yake ya sufu ikakaa sawa, kama alivyozoea kufanya kabla ya kuwasha injini. "Kwa uchumba."

Meli ya abiria ilipiga honi ng'ambo ya ziwa, na kila mtu akaisikiliza kwa shukrani mpaka ilipomaliza.

"Na nani?" aliuliza Aita, ambaye tayari alikuwa amehesabu wanawake wote wa nyumba ya Spinatsch na kupata mmoja.

"Aita," alisema Barbla kutoka mlangoni, "kula keki yako."

Wakatoka wote wanne.

Korido ya ofisi ya kijiji ni nyembamba. Ina vyango vya makoti, benchi moja, picha za wenyeviti waliokufa, na dirisha linaloangalia maji. Watu wanne hawawezi kusimama humo bila kugusana, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria wakati wa ujenzi, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kwamba watu wanne watatoka kwa pamoja.

"Funga mlango vizuri," alisema Barbla. "Yule mwanamke ana masikio ya sungura."

Riet aliufunga. "Mama?" alisema.

"Usiniite hivyo kwa sauti hiyo. Nilikuwa mtu kabla sijawa mama yako."

Madlaina hakuwa na nguvu ya kumtazama mtu yeyote isipokuwa baba yake. Alikuwa amemfulia mzee huyo mashati tangu mama yake alipofariki. Alijua aina zote za vikohozi vyake. Alijua kwamba anaweka sukari mbili na kusema moja. "Baba," alisema, "tangu lini?"

"Tangu theluji."

"Theluji ya mwaka huu?"

"Ya mwaka juzi."

Madlaina aliketi kwenye benchi. Benchi lilikuwepo kwa bahati tu. Angeketi hata kama lisingekuwepo.

"Na nyinyi?" aliuliza Barbla.

"Tangu Aprili," alisema Riet.

"Basi sisi tulitangulia," alisema Barbla, kwa sauti ile ile anayoitumia kwenye foleni ya mikate.

"Mlikuwa mkikutana wapi?" aliuliza Madlaina. Alipouliza tu, akajua. "Hapana. Usiniambie. Yale maganda ya tofaa."

"Maganda gani?" alisema Riet.

"Kwenye chemchemi! Utepe mmoja mrefu usiokatika, juu ya jiwe. Ukaniuliza nani anayemenya hivi, nikacheka, nikasema ni Baba peke yake duniani. Nikacheka, Riet! Nikaendelea kukubusu!"

Tumasch alikohoa. "Sikupenda wageni wajae pale," alisema. "Ndiyo sababu ya yale mawe."

"Na mimi ndiyo sababu ya kinamasi."

Baba na binti walitazamana. Kwa nukta moja kulikuwa na kitu kilichofanana na kicheko katikati yao, lakini hakikupata mtu wa kukianzisha.

Riet alikuwa ameegemea ukuta chini ya picha ya mwenyekiti wa kale mwenye ndevu. Uso wake ulikuwa mweupe kama jibini changa. "Nilikuomba usisimame," alimwambia Madlaina.

"Nilisikia."

"Ningemwambia mwenyewe. Vuli."

"Ulitaka nifanye nini? Nikae? Nipige kura juu ya nyasi za mama yako?"

"Nilitaka usubiri tu."

"Mimi ndiye katibu, Riet." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na ndiyo sauti iliyomfanya Riet ainue kichwa. "Unaelewa? Ningelazimika kuandika. Waliotoka: mmiliki, mwana. Nukta. Kwa mkono wangu mwenyewe niandike kwamba mimi si kitu kwenu, halafu niweke sahihi. Ningeweza kumdanganya mama yako. Ningeweza kumdanganya Baba, na kumbe sote tulikuwa katika biashara hiyo. Ile karatasi sikuweza."

Macho ya Riet yalikuwa yamejaa machozi, na korido haikuwa na upepo wa kusingiziwa.

"Mwache kijana apumue," alisema Barbla.

"Na wewe, Mama Barbla," alisema Madlaina, akimgeukia, kwani mshtuko una hisani moja, humwondolea mtu adabu kwa muda. "Ulisema aoe yeyote ila mimi. Tangu majira ya baridi najiuliza nilikukosea nini. Nimekuwa nikivuka barabara ili nisikutane nawe. Nimenunua jibini kwa watu wengine, jibini baya, ili nisije mlangoni kwako!"

"La dukani kwa akina Luzi?"

"Ndiyo."

"Pole," alisema Barbla, na ilikuwa pole ya kweli. Alivua kofia, jambo ambalo Madlaina hakuwahi kuliona, na nywele zake zilikuwa laini na nyeupe, zimesukwa kwa uangalifu wa mtu anayetarajia kutazamwa. "Nikudharau kwa lipi, mwanangu? Nilikuona ulivyomuuguza mama yako. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshamkubali baba yako, na sikuwa na mdomo wa kusema. Hebu fikiria maneno ya watu. Mama na mwana wameshuka mlimani siku moja wakavuna nyumba moja, mmoja darini na mwingine sebuleni. Na watoto wenu? Wangeniitaje? Bibi kwa upande wa baba, na mke wa babu kwa upande wa mama?"

"Wangekuita Bibi," alisema Tumasch. "Neno fupi. Haliwezi kumchosha mtoto."

"Wewe nyamaza. Kila jambo kwako ni rahisi, kwa sababu maisha yako yote umekwenda na kurudi kwenye barabara moja."

"Sheria inakataza?" aliuliza Riet. "Sisi wawili, na nyinyi wawili?"

"Sheria inaruhusu," alisema Barbla. "Ila sheria haiishi Valdrun. Inakuja mchana na kuondoka na basi la jioni."

Madlaina alikuwa na swali moja lililokuwa limemkaa kooni tangu kiti cha baba yake kilipokwaruza sakafu. Alilisukuma litoke. "Na Mama?"

Tumasch hakukwepa. Aliketi kando yake kwenye benchi, magoti yake mazito yakigusa yake. "Mama yako yuko pale alipo, nyuma ya kanisa. Nampelekea maua kila Jumamosi, unajua."

"Najua. Maua ya mlimani. Hata goti lilipokuuma ulipanda kuyachuma. Nililia, Baba. Nilikuona kutoka dirishani ukirudi nayo, nikalia."

"Sikupanda. Goti lilikuwa linauma." Mzee aliangalia mikono yake. "Barbla ndiye anayeyachuma. Huniachia kwenye jiwe pale chemchemi, au, goti likiuma, huyaleta kwenye ngazi ya kanisa asubuhi, kabla watu hawajaamka. Ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Alisema mama yako alikuwa akiyapenda yale ya buluu kuliko ya manjano. Mimi sikuwa najua. Nimeishi naye miaka yote hiyo, sikujua."

Barbla alikuwa amegeukia dirisha. "Tulikaa dawati moja shuleni," alisema, akiliambia ziwa. "Alikuwa akichora yale ya buluu pembezoni mwa daftari, na kuadhibiwa."

Kulikuwa na mambo ambayo Madlaina alikuwa ameyapanga moyoni kwa miezi mingi kama sahani kabatini: mama mkwe mkali, baba mpweke, mchumba jasiri. Sasa kabati lilikuwa limefunguliwa na kila sahani ilikuwa na sura nyingine. Alitaka kukasirika na hakupata mahali pa kuanzia. Alitaka kumkumbatia mwanamke yule na mikono haikumtii. Alikaa tu, ameshikilia kalamu ya kamati, ambayo hakukumbuka kuibeba.

Barbla alivaa kofia yake tena. Ilikuwa ishara kwamba jambo la moyoni limekwisha na limefika la kazi. "Sikilizeni. Hatuwezi wote. Jozi moja lazima ipishe. Watoto wana maisha mbele yao. Mimi nina magoti yaliyoisha na ng'ombe. Nitapisha mimi."

"Mama, hapana," alisema Riet. "Sisi ni vijana. Tunaweza kungoja—"

"Kungoja nini safari hii?" alisema Madlaina. "Ng'ombe wapande tena?"

"Hakuna atakayepisha," alisema Tumasch.

Walimgeukia. Mzee alikuwa amesimama. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakuipaza.

"Miaka yote niliyoendesha barabara ile ya mlimani, kanuni ilikuwa moja. Kona ikiwa nyembamba, gari dogo linarudi nyuma. Lori linarudi nyuma. Daktari anarudi nyuma. Basi la posta halipishi mtu. Nilipostaafu nilidhani sasa ni zamu yangu ya kurudi nyuma mpaka kaburini, nikaanza kurudi. Barbla akanisimamisha. Sasa nimesimama, na kurudi nyuma sirudi. Si kwa mdomo wa Aita. Na unisamehe, mwanangu, si kwa ajili yako."

Neno hilo la mwisho lilimpiga Madlaina kifuani. Baba yake hakuwahi kumnyima kitu. Alisubiri maumivu yaje; badala yake ilikuja heshima, nayo ilimshangaza kuliko maumivu.

"Sawa, Baba," alisema, naye akasimama. "Lakini utotoni nilipanda basi lako kila siku, kiti cha nyuma yako. Kanuni hiyo nimejifunza kwako. Na mimi sipishi."

Wakatazamana, pua kwa pua, wote wawili wakiwa na taya ile ile.

"Mungu wangu," alisema Barbla. "Wako wawili."

Riet alikuwa bado hajasema lolote la maana, na alilijua hilo, na Madlaina alilijua pia. Alimtazama. Hakumsaidia kwa tabasamu wala kwa kichwa. Kama angebaki ukutani, chini ya mwenyekiti yule wa ndevu, basi vuli isingekuwa na haja ya kuja.

Riet alivuka korido. Ilikuwa hatua moja tu, lakini ilimbidi apite mbele ya mama yake, na alipita. Akachukua mkono wa Madlaina, ule wenye kalamu, akaushika kama alivyoshika maji Aprili, kwa hofu ya kumwaga.

"Mama," alisema, "nilikuogopa. Bado nakuogopa. Nitamwoa nikiwa nakuogopa."

Barbla aliutazama ule mkono. Kitu fulani kilipita usoni mwake, kikarudi, kikapita tena. "Basi hatuna njia," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Hamtaki kupisha, huyu mzee hataki kupisha, na mimi peke yangu siwezi kupisha bila yeye. Tumekwama konani, wote wanne, na hakuna mwenye gia ya nyuma."

"Sijutii," alisema Tumasch.

"Hakuna aliyekuuliza, Tumasch," alisema Barbla, na kumshika mkono.

Hivyo ndivyo walivyokutwa, wawili wawili, mlango ulipofunguliwa. Mwenyekiti Gudench Janett alisimama kizingitini na karatasi aliyokuwa ameiandika kwa mkono wake, kwa kuwa kamati haikuwa na katibu. Nyuma yake alionekana Aita, macho makavu ya mtu aliyelia akajifuta kwa haraka.

"Nitasoma mara mbili," alisema Gudench.

Hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake.

"Kamati ya Matembezi, ikiwa imebaki na wajumbe wawili kati ya watano, imeamua kwa kauli moja kwamba haina akidi ya kuamua, na kwamba uamuzi huu wa kukosa akidi ni halali. Kamati inatambua kwamba njia ya Plaun Sulegl ni nzuri kuliko zote zilizochaguliwa; kwa sababu hiyo njia hiyo haitatangazwa wala haitakatazwa. Kuhusu wajumbe watatu na mmiliki walioko nje, kamati, ikiwa imeshindwa kubaini nani ni nani kwa nani, imeamua kwamba, kwa madhumuni ya kikao hiki na vikao vyote vitakavyofuata, wote wanne wahesabiwe kuwa familia moja."